Foleni ya Meli, Lori la Chai na Maji ya Tana



Wiki iliyopita nililifungua kasha la bati ambalo halikuwa limefunguliwa tangu niliporejea Mombasa kutoka bara. Ndani yake mna makaratasi ya miaka thelathini na zaidi: makala zilizochapishwa, nyingine zilizokataliwa, tasnifu za wanafunzi niliowafundisha Meru na baadaye Embu, na madaftari yaliyoliwa na mchwa pembeni. Mjukuu wangu, aliyekuja kunisaidia, aliyasoma majina ya makala moja baada ya jingine, kisha akaniuliza kwa adabu: "Babu, ulikuwa ukisomea meli, au chai, au umeme?"

Nilimjibu kwamba nilisomea jambo moja tu, nalo ni kutafuta kwa hesabu lililo bora kuliko yote yanayowezekana. Aliitikia kwa kichwa, lakini jibu halikumtosha. Nilipolitafakari usiku, halikunitosha hata mimi. Naomba basi safu ya leo niitumie kulitengeneza.

Elimu yenyewe si ngumu kuieleza. Unalo jambo unalotaka liwe kubwa au dogo kadiri iwezekanavyo. Hilo huitwa lengo. Unayo pia mambo usiyoweza kuyavuka. Hayo huitwa mipaka. Mama anayezigawanya shilingi 1,000 za sokoni kati ya unga, samaki na mafuta huifanya kazi hii kila siku bila kalamu. Sisi tulioajiriwa kuifanya tuliiandika kwa alama na kuitia katika tarakilishi, na taratibu tulizoifuata huitwa algoriti, neno lililotokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Watu hulisema hilo kwa fahari, nao wana haki. Lisilotajwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra inahusu wasia na mirathi. Pale kila mtu ana fungu lake linalojulikana, na aliyesahauliwa ana haki ya kwenda kwa kadhi. Katika hesabu zangu mimi, aliyesahauliwa hakuwa na kadhi.

Nianze na meli, maana ndizo zilizonivuta. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Mholanzi Tjalling Koopmans alikuwa Washington akifanya kazi katika ujumbe wa Uingereza ulioshughulikia meli za biashara. Swali lake lilikuwa ni vipi meli zipangwe zisisafiri tupu zaidi ya inavyolazimu. Mwaka 1975 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Leonid Kantorovich wa Urusi, ambaye mnamo 1939 alikuwa ametatua suala la jinsi hiyo hiyo kwa ajili ya kiwanda cha mbao. George Dantzig, Mmarekani aliyevumbua mwaka 1947 njia inayotumiwa hadi leo duniani kote, hakupewa kitu. Nikiwa kijana kisa hicho kilinikera kuliko kilivyopaswa.

Makala yangu ya kwanza ilihusu meli zinazotia nanga nje zikingoja gati Kilindini. Zamani, vyombo vya kaskazi vilipokuwa vikiingia Bandari ya Kale, foleni ilikuwa na msimu wake, na kila nahodha aliujua. Meli za siku hizi huja bila kufuata pepo, na kuja kwake kunafanana na kupigwa kwa simu: hujui ijayo itaingia saa ngapi. Mwenye kuifungua elimu hii, Mdenmaki A. K. Erlang, aliianza kwa simu za Copenhagen mwaka 1909. Jambo alilotuachia ni la kushangaza, na lafaa kujulikana na kila anayesimamia zahanati, benki au bandari. Chukua gati moja, meli zinazokuja bila mpango, na muda wa kupakua usiotabirika. Gati likishughulika nusu ya wakati wake, meli kwa wastani hungoja muda sawa na wa kuihudumia meli moja. Likishughulika nane kwa kumi, meli hungoja mara nne ya muda huo. Likishughulika tisa kwa kumi, mara tisa. Msimamizi anayejivunia kwamba gati lake halikai tupu hata saa moja hajui kuwa yeye mwenyewe ndiye anayeitengeneza foleni baharini.

Makala ilipokewa vizuri. Lengo lake lilikuwa kupunguza gharama za kuicheleweshea meli safari, na gharama hizo hukatwa kwa dola. Nimeisoma tena juzi toka mwanzo hadi mwisho. Hamna neno hata moja kuhusu makuli waliokuwa wakisimama langoni tangu alfajiri wakingoja kuitwa kazi ya siku. Nilikuwa nikiwapita kila asubuhi nikiwa na daftari langu. Foleni yao haikumgharimu yeyote ila wao wenyewe, basi haikuingia katika hesabu.

Kilichonipeleka mlimani ni riziki, nafasi ya kufundisha ilipopatikana Meru. Lakini si kweli kwamba niliiacha bahari. Chai ya viwanda kama Rukuriri na Mungania vya Embu, au Imenti na Kionyo vya Meru, huteremshwa hadi Mombasa kuuzwa katika mnada ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia kwetu mwaka 1969. Nusu ya safari yake niliijua tangu utotoni. Nikawa najifunza nusu ya kwanza.

Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakishachumwa huanza kupata joto ndani ya vikapu na magunia, na yakikaa mno huwa mekundu na kupoteza thamani. Kwa hivyo alasiri malori ya kiwanda huzunguka vituo vya kununulia majani. Lori moja likiwa na vituo 10, taratibu za kuvizungukia ni 3,628,800. Vikiwa 15, ni zaidi ya 1,300,000,000,000. Ndiyo maana pana elimu ya kuikaribia njia fupi bila kuzijaribu zote. Tuliifanya kazi hiyo na wanafunzi kwa kiwanda kimoja, na tukaipata njia iliyopunguza mafuta ya dizeli. Tulifurahi, tukaandika ripoti.

Miezi kadhaa baadaye tulipanda hadi kituo cha juu kabisa, karibu na msitu, kuona njia inavyofanya kazi. Magharibi ilikuwa imeingia na mvua ikinyesha. Chini ya paa la mabati walikuwamo akina mama wengi, baadhi na watoto mgongoni, na magunia yao yakiwa yananing'inia kwenye kulabu. Mmoja wao, mtu mzima kuliko mimi, aliponyoshewa kidole kwamba huyu ndiye mwalimu aliyepanga malori, alinisogelea na kuniuliza kwa upole: "Mwalimu, sisi tulikosa nini hata tuwe wa mwisho kila siku?"

Hawakukosa kitu. Kituo chao kilikuwa mbali, na mashine hutoa jibu moja kwa swali moja. Leo, kesho na keshokutwa njia fupi ni ile ile, basi na wa mwisho ni wale wale. Zamani madereva walikuwa wakibadilisha mzunguko kiholela, na katika ubovu huo palikuwa na aina ya uadilifu ambayo hatukuiona: kila kituo kilionja kungoja. Sisi tuliiondoa holela, tukaondoa na zamu. Tulirudi tukabadilisha lengo. Badala ya kupunguza dizeli pekee, tulitaka kupunguza muda wa yule anayengoja zaidi ya wote, na kituo cha mwisho kikapewa zamu ya kubadilika. Dizeli iliongezeka kidogo. Makala hiyo ya pili ndiyo ile iliyokataliwa, kwa sababu, kama alivyoandika mmoja wa wasomaji wake, jibu letu halikuwa bora tena.

Nitaje kwa ufupi tu habari ya mwanafunzi kutoka Igembe aliyetaka kutafuta njia ya kufikisha miraa kutoka Maua hadi uwanja wa ndege wa Wilson kwa muda mfupi kabisa. Juu ya miraa yenyewe masheikh wamesema, nami si mufti. Kilichonifanya nimrudishie karatasi ni lengo lake, muda peke yake. Aliyewahi kukutana na pikapu za miraa katika barabara ya Meru kwenda Embu anajua kwamba madereva wameshaifanya hesabu hiyo, na anajua nani huilipia.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima usingizi. Ukiteremka kutoka Embu kuelekea Kiritiri, migunda ya chai na kahawa hukuacha, ukaingia katika nchi kavu ya Mbeere, na chini kabisa ukaiona Tana. Hapo mto umefungwa mara tano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Masinga ndilo ghala la yote, lililojengwa liweze kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 1,560. Mto Rupingazi unaopita mjini Embu huingia Thiba, na Thiba huingia Kamburu. Kathita wa Meru huifikia Tana mbele zaidi. Maji niliyokuwa nikitawadhia Embu yalikuwa njiani kwenda Kipini.

Tulipewa suala la kupanga kiasi cha maji cha kuachiliwa kila mwezi ili umeme uwe mwingi kadiri iwezekanavyo. Watu wa chini ya mto hatukuwasahau kabisa. Tuliwaweka kama mpaka: maji yasipungue chini ya kiwango fulani. Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana kosa limejificha hapa. Aliyewekwa kuwa lengo, mashine humtafutia zaidi na zaidi. Aliyewekwa kuwa mpaka, mashine humpa kile kiwango na haimwongezei tone lolote lenye faida kwingine. Tena wastani wa mwaka ulikuwa mzuri, nasi tuliuandika kwa herufi nzito.

Likizo hiyo nilikwenda arusini Kipini, nikamweleza ami yangu kazi hiyo. Nilimwambia maji yanayofika kwao kwa mwaka hayajapungua sana, ila sasa yanakuja kwa utulivu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sipandi mpunga kwa mwaka. Napanda kwa mwezi."

Mpunga wa Tana ya chini ulifuata gharika ya masika na ya vuli. Mto hupanda, hufunika mashamba, huacha matope, hushuka, na mtu hupanda nyuma yake. Malisho ya Waorma na samaki wa maziwa ya pembeni navyo vilikuwa na saa hiyo hiyo. Mto ukipoteza nguvu, bahari hupanda badala yake, na wakati wa bamvua maji ya chumvi huingia mashambani. Watu wa Ozi wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Sisemi gharika zote ni neema. Ya El Niño ya 1997 iliwaangamizia watu mali, na Masinga lilipofurika mwaka 2018 na 2024 maji yaliteremka bila kumwomba mtu ruhusa. Wala sisemi umeme ni wa watu wengine. Feni ya msikiti ninaoswali huendeshwa na mto huo huo.

Lakini suala la wa juu na wa chini si geni kwetu. Zubayr bin al-Awwam, radhi za Allah zimshukie, alipozozana na jirani yake wa Madina juu ya mfereji wa al-Harra, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza kwanza anywesheleze mitende yake kisha amwachilie jirani maji. Wa juu ana haki ya kutangulia, na jirani wa chini ametajwa kwa haki yake katika hukumu ile ile. Nimeisoma hadithi hiyo tangu chuoni, na haikunijia akilini hata mara moja nilipokuwa nikiandika milinganyo ya Masinga.

Nilimwahidi ami kwamba nitaifanya upya, gharika ya Mei ikiwa sehemu ya lengo. Niliifanya, peke yangu, bila fedha za mtu. Katika miaka ya mvua nyingi hasara ya umeme ni ndogo, kwani maji yale yangemwagika tu, na kuyaachilia mapema kwa kipimo na kwa tangazo ni bora kuliko kuyaacha yafurike. Katika miaka ya ukame hakuna suluhu isiyomuumiza mtu, na jedwali linaonyesha wazi ni nani na kwa kiasi gani. Nilipolimaliza, ami alikuwa ameshafariki, Allah amrehemu, nami nikalitia kashani.

Wanawe bado wanalima. Jumamosi, inshaallah, mjukuu wangu atanipeleka Kipini. Jedwali tumeliandika upya kwa Kiswahili, miezi ikiwa imepangwa kwa masika na vuli, na nimeliweka juu ya meza karibu na funguo ili nisilisahau.