Michembe Mezani Siku ya Krismasi

Likizo ya Desemba iliyopita tulikusanyika kwa bibi, Kwimba, kula Krismasi. Wajomba walitoka Dar es Salaam pamoja na watoto wao. Palikuwa na wali, kuku na soda za kutosha. Bibi akaleta na bakuli la michembe iliyochemshwa, yenye karanga zilizotwangwa, akaliweka katikati. Binamu yangu mmoja akauliza kama hicho ni chakula cha ng'ombe. Watu wakacheka. Nami nilicheka, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bibi hakusema neno. Alilichukua bakuli lake akalirudisha jikoni.

Yafaa niwaeleze wasio wa huku kwetu. Viazi vitamu huachwa vinyauke kidogo, humenywa, hukatwa vipande vyembamba, kisha huanikwa juani hata juu ya mawe (nasi Mwanza mawe hatuna shida nayo!). Hiyo ndiyo michembe. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, na mtu huyatafuna makavu hata njiani. Kazi hii ni ya kiangazi, tangu Juni, viazi vikiwa vingi na mvua haipo. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa, na dagaa wa ziwani huanikwa vilevile. Vyote hungoja miezi ile mibaya, Desemba mpaka Februari, ambapo mahindi mapya yangali shambani na ya zamani yamekwisha, au bei yake haishikiki. Basi Krismasi yetu huangukia mlangoni mwa njaa, na ajabu ni kwamba siku hiyo ndiyo tunayokionea haya chakula kitakachotuvusha.

Wakorea pia wana majira magumu, ila yao ni ya baridi na theluji. Kabla baridi haijaingia, jamaa na majirani hukusanyika wakatia kabichi na figili chumvi, pilipili na vitunguu saumu, wakaviacha vichachuke katika mitungi, ambayo zamani ilifukiwa ardhini. Chakula hicho ni kimchi. Mwaka 2013 UNESCO iliiandika desturi hiyo ya kutengeneza kimchi pamoja na kugawana katika orodha ya urithi wa wanadamu. Sijasikia kwamba Wakorea huiondoa mezani kwa kuwa mgeni ametoka mjini. Tena pilipili yao asili yake ni bara la Amerika, kama vile viazi vyetu vitamu na karanga. Kwa hiyo anayeviita vya kishamba angetuambia kwanza ni shamba la nani.

Wako watakaosema michembe ni wanga mtupu. Ni kweli, na ndiyo sababu wazee huila kwa karanga au maziwa. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina vitamini A nyingi. Jua kali huipunguza, afadhali kuvianika kivulini penye upepo. Wataalamu wa utafiti wako Ukiriguru, hapo Misungwi, si mbali. Walimu wetu wa Kilimo wangeweza kutupeleka huko, na viazi vya shamba la shule vikaanikwa badala ya kuozea stoo. Wazazi nao wasione aibu kumfungia mtoto michembe katika sanduku lake anaporudi bwenini. Najua wenzangu wanaoila usiku, shuka likiwa kichwani.

Bibi ameniletea habari kwamba mwaka huu haaniki. Atawauzia wachuuzi viazi vibichi, maana hakuna mlaji. Wachuuzi wa Juni hununua kwa bei ya kutupa, na fedha hiyo mwezi Januari hainunui hata debe la mahindi. Nimemwomba aniachie matuta manne. Binamu yangu nimemwandikia aje tumenye pamoja, hajajibu. Mimi nitafika siku ya pili baada ya shule kufungwa, na kisu changu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu