Mnyauko wa migomba: kwa nini mbegu yenye kinga haijafika mashambani

Mkulima wa Masisi, Rutshuru ao Kalehe hahitaji maabara ili ajue kama ugonjwa umeingia. Majani yanageuka manjano na kulegea, mkungu unaiva mbele ya wakati, na akipasua ndizi anakuta ndani kumekuwa rangi ya kutu. Akikata shina, kisha muda kidogo usaha wa manjano unatoka. Ndizi hiyo hailiwi, haitoi kasiksi, haiuzwi. Kwa jamaa ambayo mgomba ndio unalipa minervali ya watoto, hasara hiyo ni ya mwaka mzima ao zaidi.

Waagronomu wakifika kijijini, swali ni lile lile: muhogo umepata mbegu zinazostahimili mozaiki, ndizi je? Jibu liko kwanza katika uzazi wa mgomba wenyewe, na kisha katika maofisi.

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria inayoitwa Xanthomonas. Ilielezwa Ethiopia mwaka 1968 kwenye enset, mmea wa ukoo wa mgomba, kisha 1974 kwenye migomba yenyewe. Mwaka 2001 ilionekana Uganda na pia Masisi. Baadaye ikafika Rwanda, ambako wanaiita kirabiranya, halafu Tanzania, Kenya na Burundi. Katika njia hiyo yote, watafiti hawajapata ndizi ya kulimwa yenye kinga ya kweli.

Ziko zinazoponyoka tu. Nakitembe ya Uganda, kwa mfano, haiangushi magamba ya ua lake la dume, basi wadudu hawakuti kidonda cha kuingizia bakteria. Lakini ukiikata na mupanga uliotoka kwenye mgomba mgonjwa, inakufa sawa na zingine. Mtu akisema "hii yangu haipate ugonjwa", afazali aulize kwanza kama ni kinga ao ni bahati ya ua.

Kinga ya kweli iko kwa mgomba wa pori wa Asia, Musa balbisiana, ambao ndizi zake zimejaa mbegu ngumu. Ungefikiri inatosha kuuchanganya na ndizi zetu. Shida ni kwamba ndizi nyingi za kulimwa zina seti tatu za kromosomu, na kwa hiyo hazitoi mbegu. Mtoto wa mgomba unaopewa na jirani ni nakala ya mama yake, jeni kwa jeni. Bakteria ikiweza mmoja, imeweza shamba zima. Tena kuna fumbo: kayinja, ndizi ya pombe inayojulikana sana Uganda, imerithi seti mbili kutoka balbisiana, na bado ni kati ya zile zinazoanguka za kwanza. Urithi wa pori peke yake hautoshi.

Wakulima wa kiwi wa New Zealand walipitia mambo karibu sawa, wakatoka haraka zaidi. Novemba 2010 bakteria ingine, Psa, ilionekana Te Puke, na kiwi ya manjano iliyoitwa Hort16A ikaanza kufa. Lakini kiwi inazaa kwa mbegu, na watafiti walikuwa wamechanganya aina kwa miaka mingi. Aina mpya, Gold3, ilikuwa tayari. Wakulima walikata miti na kupandikiza aina hiyo juu ya mashina ya zamani. Gold3 inaweza kuugua, lakini inavumilia. Kuna onyo pia kutoka kule: kwenye kiwi ndogo ya aina ya arguta, ambayo inatambua silaha fulani za Psa, watafiti walikuta bakteria zilizotupa silaha hizo ili zisitambuliwe. Kinga inayosimama juu ya mguu mmoja inaweza kuangushwa.

Kwa ndizi, maabara ilibidi ipite njia ingine. Watafiti wa IITA na wa NARO ya Uganda walichukua jeni mbili za pilipili tamu, Hrap na Pflp, wakaziingiza katika ndizi kama Sukali Ndiizi na Nakinyika. Kazi yao ni hii: bakteria ikigusa seli, seli za hapo zinajiua haraka na kufunga njia. Toka 2010 migomba hiyo ilijaribiwa Kawanda, katika shamba lenye ulinzi, na mingi ilisimama. Lakini mwaka 2017 sheria ya kuruhusu mimea ya namna hiyo, iliyopitishwa na bunge la Uganda, ilirudishwa na rais Museveni bila sahihi.

Mwaka 2021 timu ya IITA Nairobi ilitangaza njia ya pili: kuzima jeni ya mgomba wenyewe, DMR6, ambayo kwa kawaida inapunguza nguvu ya ulinzi wa mmea. Hapo hakuna haja ya jeni ya pilipili. Ila kazi hiyo lazima ifanywe aina kwa aina, na ndizi ya pombe ya Kivu haitapona juu ya Sukali Ndiizi imepona. Hilo ndilo swali ambalo wakulima wa huku wangestahili kuuliza mapema: nani anatengeneza aina zetu?

Kwa sasa kinachobaki ni mkono wa mkulima. Kukata kila shina gonjwa chini kabisa bila kung'oa shina zima la familia, njia iliyojaribiwa Kivu Kusini, inasaidia kwani bakteria haifikii watoto wote kwa mara moja. Ua la dume linavunjwa na mti wenye panda, si kwa kisu. Mupanga unapitishwa kwenye moto ao javeli. Lakini kazi hiyo inaomba mtu awe shambani kila wiki. Kijiji kikikimbia vita miezi mitatu, hakuna anayekata, na watu wakirudi wanaomba watoto wa mgomba kwa jirani, bila kujua wametoka kwenye shina gani.