Wanafunzi wa uhasibu wafundishwe pia kujieleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ufundishaji wa uhasibu katika shule na vyuo vyetu.

Mimi ni mkazi wa Kibaha. Mtoto wa marehemu kaka yangu alisoma somo hilo akafaulu vizuri. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huko Kisarawe kikamchagua awe mweka hazina. Mwisho wa mwaka alisimama mbele ya wanachama na daftari lake. Kila stakabadhi ilikuwapo na hesabu zililingana. Mama mmoja akauliza: "Mwanangu, mbona fedha tulizochanga hazimo sandukuni?"

Fedha zilikuwa kwa wanachama waliokopa, na leja ilionyesha hivyo. Lakini kijana alibabaika, akataja maneno ya Kiingereza ya darasani, kisha akanyamaza. Kikao kilivunjika huku akiitwa mwizi. Hakuiba hata senti moja.

Alifundishwa kujaza leja, hakufundishwa kuieleza. Nashauri walimu watumie visa vya maisha yetu. Mathalan, mkulima wa korosho amepeleka mzigo kwenye chama cha msingi, malipo yamepungua, na makato hayaelewi. Mwanafunzi mmoja awe mkulima, mwingine katibu, mwingine mkaguzi. Wasikilizane, wabishane kwa adabu, waamue, kisha mmoja aeleze uamuzi huo kwa Kiswahili ambacho bibi yake ataelewa. Chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, kimefundisha kwa visa kwa muda wa miaka 100 hivi. Sisi visa tunavyo tele vijijini.

Wako watakaosema muhtasari wa somo ni mrefu na mtihani hauulizi hayo. Basi mtihani nao uulize.

Jambo hili si dogo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila kikundi kinahitaji mtu wa kuwasomea wenzake hesabu wakaelewa.

Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963, kwa msaada wa nchi za Nordiki, ili kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi. Nawaomba walimu wa hapo, pamoja na wenzao wa Kisarawe, watuonyeshe njia. Wahusika wa mitaala nao walitazame.

Mzazi,
Kibaha.