Bega Nalo Lina Haki Yake

Wapo wachukua picha za video wanaojisifu kwamba hawahitaji egemeo la bega. Husema kifaa hicho ni cha wanagenzi, na kwamba mkono wa fundi hautetemeki. Maneno hayo nimeyasikia miaka mingi, na mimi mwenyewe niliwahi kuyasema. Leo nayakana hadharani.

Nayakana kwa sababu ya kanda moja. Mwaka 1996 nilichukua picha za harusi ya mdogo wangu, hapa Tanga, kwa kamera ndogo ya mkononi isiyozidi kilo moja. Nilijiona bingwa. Ilipofika saa ya kutunza, mama yetu alinyanyuka, akaenda kwa madaha hadi walipokaa maharusi, noti mkononi, akicheka. Nami niliyekuwa nimeinua kamera tangu adhuhuri nikaivuta picha ili niupate uso wake. Mama alifariki mwaka uliofuata. Kicheko kile ndicho pekee tulichobaki nacho, na kila tukikitazama, uso wake unaruka huku na huku kama mashua katika mawimbi ya kusi. Watoto huona kizunguzungu, wakaomba tuzime. Je, huo ndio ufundi?

Mkono wa fundi hautetemeki! Nani kasema? Kila mkono hutetemeka, na ukichoka hutetemeka zaidi. Unapovuta picha, kamera huona eneo dogo tu, hivyo mtikisiko mdogo wa kidole hutikisa kioo kizima. Tena, kilo moja ukiishika sentimita 50 mbele ya bega, inalielemea bega mara mbili kuliko ukiishika sentimita 25. Hilo si suala la ushujaa, ni hesabu.

Wazee wetu waliijua hesabu hiyo bila kuingia darasani. Mwuza maji alibeba mzega: mti begani, debe mbele na debe nyuma. Hakuna aliyemcheka kwamba ni mnyonge. Angebeba debe la mbele peke yake, ndipo watu wangemcheka.

Lakini nisieleweke vibaya. Siwapigii zumari wauza vifaa. Tangu mwaka 2008, kamera za picha za kawaida kama Canon EOS 5D Mark II zilipoanza kuchukua video, maduka yamejaa vyuma vya kila namna, kwa kuwa kamera hizo hazikuumbwa zikae begani. Kijana hununua pambo zima, akaingia harusini kama fundi wa mnara wa simu, na kabla ya kukata keki amelivua na kuliweka chini ya kiti. Anayechagua egemeo kwa kutazama picha yake ni sawa na anayechagua kiatu kwa kutazama boksi.

Egemeo huchaguliwa kwa mwili. Nenda dukani na kamera yako, pamoja na betri na kipaza sauti unachokitumia. Livae, lifunge, kisha simama nalo dakika 20, muuzaji anune akitaka. Achia mikono kidogo: kamera ikiinamia mbele, uzito wa nyuma hautoshi. Kamera ya kilo 2 iliyo sentimita 25 mbele ya bega husawazishwa na kilo 1 iliyo sentimita 50 nyuma. Ila kila kilo unayoongeza nyuma, bega ndilo linaloibeba. Basi afadhali uweke huko betri unayoihitaji kuliko kipande cha chuma kisicho na kazi. Tazama kama jicho linafika kwenye kioo bila kupinda shingo. Pima fito zake: zikiwa na unene wa milimita 15, na kutoka kitovu cha mmoja hadi cha mwingine ni milimita 60, utapata vipuri vyake kwa wengi. Na lile linalofanana na kitako cha bunduki, usiende nalo kwenye mkutano wa siasa.

Wengine watanijibu kwamba kamera za siku hizi zina kituliza picha ndani yake. Ni kweli, na kinasaidia. Lakini kinafuta mitetemo midogo; hakipunguzi uchovu. Mkono ulioshuka umeshuka. Nami nakiri kwamba egemeo halifuti mshindo wa hatua zako unapotembea. Kwa kazi hiyo Mmarekani Garrett Brown alibuni Steadicam, iliyoonekana katika sinema mwaka 1976. Egemeo ni la kusimama na kusubiri, na kazi yetu sehemu kubwa ni kusubiri.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye studio. Ninyi mnampeleka kijana harusini asubuhi, arudi usiku wa manane, mikono mitupu, na mnasema kamera yenyewe ni ndogo tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ishikeni wenyewe kuanzia nikahi hadi chakula cha usiku, kisha mje mniambie kama egemeo ni anasa. Tunayemchukua picha leo huenda kesho hayupo, na hatarudi kutunza mara ya pili ili tumpige vizuri.