Plagi Janja Nje ya Nyumba: Soma Namba Kwanza

Wasee, acheni niseme ukweli. Mvua ikishika usiku hapa Macalder, mathe bado anatoka na malapa kwenda kuchomoa taa ya geti isiungue. Stima, mikono imelowa. Tumezoea, lakini siku moja tutalia.

Ndio maana mimi naunga mkono plagi janja za nje, zile unazima na simu ukiwa kitandani. Lakini usinunue juu ya rangi. Soma namba ya IP. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP44 inavumilia maji ya kurukiwa. IP65 haiingizi vumbi kabisa, na sisi wa machimbo ya dhahabu vumbi tunalijua.

Piga hesabu pia. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 24 inakula uniti 1.2. Ukiiseti iwake saa 12 za usiku tu, ni 0.6. Kwa mwezi umeokoa uniti 18 za tokeni.

Pampu ya maji? Hapo tulia. Mota ikianza huvuta stima mara kadhaa ya kawaida, na plagi ya ampea 10 inaweza kuungua. Muulize fundi kwanza.

Na kama soketi yenyewe ni ya ndani, imefungwa tu ukutani nje, plagi haitakuokoa. Anza na soketi yenye kifuniko, na RCD, ile swichi inayokata stima ikivuja. Plagi ije baadaye.

Kwenu ni nani hutoka kwenye mvua?