Mtoto njiti asingoje arobaini kupimwa macho



Anapozaliwa mtoto njiti katika familia, sote huhangaikia mambo matatu: apumue, anyonye na aongezeke uzito. Siku akiruhusiwa kutoka hospitali tunasema alhamdulillah, mama anarudi ndani kumalizia arobaini yake, na habari ya macho haimo katika fikra za mtu yeyote. Leo nataka kusema jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya bibi zetu: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asisubiri arobaini iishe ndipo apelekwe kwa daktari wa macho. Siku yake ya kupimwa huangukia ndani ya arobaini, na akiikosa anaweza kuwa kipofu maisha yake yote.

Ili tuelewane, tuanze tumboni. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Utando huo, kama sehemu nyingine yoyote ya mwili, unahitaji damu. Mwanzoni hauna mishipa yake wenyewe. Mimba inapofika kiasi cha wiki 16, mishipa midogo huanza kuchipuka pale unapotokea mshipa wa fahamu, katikati nyuma ya jicho, kisha hutambaa taratibu kuelekea ukingoni. Upande wa pua hufika mwisho mnamo mwezi wa nane. Upande wa sikio, ambao njia yake ni ndefu zaidi, hufika wakati mtoto anakaribia kuzaliwa, wiki ya 40 hivi. Maana yake, mtoto aliyezaliwa na wiki 28 amekuja duniani na kazi ya mishipa haijakwisha.

Je, mishipa hiyo inajuaje pa kwenda? Sehemu ya retina ambayo haijafikiwa na damu hupungukiwa oksijeni, na kwa sababu ya upungufu huo hutoa protini fulani inayoita mishipa ije. Mishipa ikifika, oksijeni inapatikana, wito unanyamaza, na sehemu iliyo mbele yake inaanza kuita. Kwa hiyo uchache wa oksijeni tumboni si kasoro. Damu ya mtoto tumboni ina oksijeni ndogo sana kuliko yetu, na kazi hii ya macho imepangiliwa kwa kiwango hicho.

Sasa mtoto akitoka mapema, hata hewa hii ya kawaida tunayovuta ni nyingi kwake. Akiongezewa oksijeni ya mtungi au ya mashine bila kipimo, retina yake hushiba, wito unakatika na mishipa inasimama njiani. Mingine hata hunyauka. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na hutaona dalili yoyote. Wiki kadhaa baadaye retina inakuwa, mahitaji yake yanaongezeka, damu hakuna, basi inaanza kupiga kelele badala ya kuita. Mishipa huchipuka kwa fujo, inaingia ndani ya jicho mahali isipotakiwa, inavuja, inaacha makovu. Makovu yakijivuta huibandua retina kutoka mahali pake kama rangi inavyobanduka ukutani. Ikishabanduka yote, ni mara chache sana upasuaji humrudishia mtoto uoni wa maana.

Wazazi wengi hugundua pale wanapoona weupe ndani ya mboni, au mtoto wa miezi mitano haufuati uso wa mama yake. Hapo ni kuchelewa. Wanja hautasaidia, wala maziwa ya mama kudondoshewa machoni.

Msomaji asije akatoka hapa akaenda kumkataza daktari kumpa mtoto wake oksijeni. Kosa hilo dunia imeshalifanya. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston, Marekani, alieleza upofu mpya uliokuwa ukiwapata watoto njiti. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi iliyofuata, watoto wapatao 10,000 walipofuka, wengi wao katika hospitali zilizokuwa na vifaa bora kabisa vya wakati ule. Mwaka 1951 Dkt. Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alieleza kuwa huenda oksijeni nyingi ndiyo inayohusika. Huko Washington Dkt. Arnall Patz alipojaribu kuipunguza kwa baadhi ya watoto, wauguzi walikuwa wakiifungulia tena usiku kwa kuona huruma, wakiamini mtoto anauawa. Siwalaumu, kwani hata mimi ningefungulia. Mnamo 1953 na 1954 utafiti wa hospitali 18 za Marekani ulimaliza ubishi.

Kilichofuata ni kwamba madaktari waliibana oksijeni kupita kiasi. Upofu ulipungua, lakini watoto walikufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 1973 mtaalamu wa Uingereza, Kenneth Cross, alikadiria kuwa kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho yake, 16 hivi walipoteza maisha. Kwa hiyo mtoto njiti anayehitaji oksijeni apewe, ila ipimwe. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto na kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni hospitali nyingi hulenga kati ya asilimia 90 na 95. Baba unayesimama dirishani, muulize muuguzi kwa adabu: "Dada, kipimo chake kinasoma ngapi?" Huo si ujuaji.

Na hapa nawageukia wakubwa wa hospitali na wafadhili wanaotoa misaada. Tunashukuru kwa mitungi na mashine za oksijeni. Lakini mashine bila kifaa cha kupimia, na bila kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa ya kawaida, ni msaada nusu. Miaka ya nyuma njiti wetu wadogo sana walikuwa wakifa kabla macho hayajapata nafasi ya kuugua. Sasa wanapona, na ndiyo maana maradhi haya yanatufikia sisi.

Turudi kwenye siku. Uchunguzi wa kwanza hufanywa wiki ya nne hivi baada ya kuzaliwa, na madaktari wa India huwaambia wazazi waishike siku ya 30. Huko wanapimwa waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2 au kabla ya wiki 34, pamoja na wakubwa kidogo waliougua sana. Marekani mpaka wao ni mdogo zaidi, kilo 1.5 au wiki 30, lakini naona kwa hali zetu tufuate ule wa India, maana kwetu hata njiti mkubwa kiasi anaweza kupewa oksijeni isiyopimwa. Mapacha wapimwe wote wawili.

Ama kuhusu arobaini, nifasi ina hukumu zake zinazojulikana, lakini kumzuia mtoto asiende hospitali si mojawapo. Kukaa ndani ni ada yetu, na ina manufaa yake: njiti huogopewa maambukizi, na maambukizi ya damu yenyewe huongeza hatari ya maradhi haya ya macho. Basi mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike vizuri, wageni wasimshike, anayemshika anawe mikono kwa sabuni, aendelee kunyonya, na aende.

Daktari atamtia matone ya kupanua mboni, kisha aangalie ndani kwa taa. Mtoto atalia, muda si mrefu atanyamaza. Wengi hukutwa na hali nyepesi inayopona yenyewe. Wachache watahitaji matibabu, nayo ni mionzi ya leza au sindano ya dawa inayozuia ile protini, na hutakiwa ndani ya siku mbili tatu tangu kugunduliwa, si mwisho wa mwezi mshahara ukitoka.

Ukiambiwa "hakuna tatizo" mara ya kwanza usiondoke ukadhani umemaliza. Uliza tarehe ya kurudi, kwani wengi huitwa tena baada ya wiki moja au mbili, hadi daktari aandike kwenye kadi kuwa mishipa imefika ukingoni.