Sheria ipo tangu 2016, wakili wa mnyonge wa Watamu yuko wapi?

Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016. Ndani yake imeandikwa kwamba Mkenya asiye na uwezo atasaidiwa na Serikali, si katika kesi za jinai peke yake bali pia za madai na za watoto. Ikaundwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na mfuko wa kuigharimia ukaanzishwa. Katiba ilikuwa imekwisha kutangulia: kifungu cha 48 kinaiamuru Serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote isiwe kizuizi.

Kwa familia ya Watamu inayovunjika au inayongoja dalali auze nyumba yake, ahadi hiyo haijatimizwa. Kosa ni la Serikali, na gazeti hili linalitaja waziwazi.

Mtu anayeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Malindi hupewa wakili kwa gharama ya umma. Ni haki yake, na hatumnyimi. Lakini mama wa Dabaso anayegombania watoto wake, au baba wa Mida ambaye nyumba yake imetangazwa mnadani, husimama peke yake mbele ya wakili wa upande wa pili. Hawa hawajashtakiwa kwa lolote, na hukumu moja inaweza kuwaondolea watoto au paa.

Tuanze na nyumba, maana hapo ndipo ujinga wa kisheria unapogharimu zaidi. Watamu hula kwa msimu. Kuanzia masika hadi kusi inapokolea, hoteli nyingi hufunga au hubakiza walinzi na watunza bustani, na mishahara hukatika. Mkopo haukatiki. Aliyeweka hatimiliki rehani ili ajenge vyumba vya kupangisha kule Timboni, au anunue injini ya mashua, anashindwa kulipa mwezi mmoja, wa pili, wa tatu. Mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa sababu ya korona, hata wenye nidhamu kubwa ya kulipa walikwama. Simu zinaanza, kisha barua, na barua yenyewe huwa ya Kiingereza cha mawakili.

Kinachouma ni kwamba sheria imempa mdaiwa huyu muda na silaha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji ampe aliyeshindwa kulipa ilani ya muda usiopungua miezi mitatu, kisha ilani nyingine ya kuuza, ya siku 40. Kanuni za madalali zinadai ilani ya siku 45 ya kumwezesha mwenye mali kuikomboa. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani pasipo ridhaa ya mume na mke, na mwenzi aliyeridhia lazima apelekewe nakala ya ilani ya kuuza. Mwenzi huyo anaweza kwenda mahakamani mwenyewe kuomba nafuu. Hata mnada ukifika, muuzaji anawajibika kutafuta bei bora inayowezekana, wala haruhusiwi kuitupa nyumba ya watu kwa bei ya chee.

Wakili angezisoma tarehe za ilani hizo na kujua mara moja kama sheria imefuatwa. Asiye na wakili huziweka barua kabatini akisubiri wageni warudi. Akizinduka mwishoni, huenda akakosea hata mlango: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba migogoro ya mikopo iliyowekewa rehani ya ardhi si kazi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi bali ya Mahakama Kuu. Mvuvi atalijuaje hilo? Na Mahakama Kuu, kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, lugha yake ni Kiingereza. Kiswahili kinaruhusiwa mahakama za chini tu. Mtu anauziwa nyumba yake kwa lugha asiyoifahamu, katika nchi ambayo Katiba yake inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Ushahidi kwamba mambo yanaweza kuwa vinginevyo uko hapa hapa. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch alizichunguza mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa miaka ya 1980, na kitabu chake cha 1998 kilionyesha kwamba wanawake ndio waliokuwa wakifungua kesi nyingi, na mara nyingi wakishinda. Walisema kwa lugha yao, mbele ya mtu aliyewaelewa, kwa utaratibu usiowatisha. Lakini si kila ndoa ya Watamu ni ya Kiislamu, na hata iliyo ya Kiislamu haimalizi yote kwa Kadhi.

Mali ya ndoa ni mfano. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ilikataa kuhesabu kazi ya mke nyumbani kuwa mchango. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikarekebisha dhuluma hiyo: kupika, kulea na kulima sasa ni mchango. Hata hivyo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa haumaanishi kugawana nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Mwanamke aliyekaanga samaki miaka kumi na mitano akalipa mafundi bila risiti atathibitisha vipi, kama hakuna wa kumwelekeza aite mashahidi gani?

Kuhusu watoto, Katiba imekwisha sema: baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na Sheria ya Watoto ya 2022 imekazia hapo. Pwani yetu ina jambo lake la ziada. Wako watoto wa Watamu na Malindi ambao baba zao wako Italia au kwingineko Ulaya. Kumpelekea mtu wa ng'ambo hati za kesi kunahitaji idhini ya mahakama, ombi rasmi na kiapo. Baba aliye Italia, kama ni maskini, Serikali ya huko humlipia wakili hata katika kesi ya kutengana na mkewe. Mama wa mtoto wake, raia wa Kenya, anaambulia kuandikiwa makaratasi na watu wasio mawakili, kwa pesa alizokopa.

Tutaambiwa hakuna fedha. Tanzania nayo si tajiri, lakini Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewapeleka wanasheria vijijini kusikiliza kesi za ardhi, mirathi na ndoa. Tutaambiwa pia kuna mashirika. Yapo, na tunayaheshimu: Kituo cha Sheria tangu 1973, FIDA Kenya tangu 1985. Lakini wajibu wa kifungu cha 48 umetwikwa Serikali, na hauwezi kusukumiwa wafadhili. Wala Wiki ya Uhamasishaji wa Kisheria ya Chama cha Mawakili, mara moja kwa mwaka, haiwezi kumfaa mtu ambaye siku zake 40 zinaisha mwezi mwingine.

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iweke Malindi mawakili wa kudumu wa kesi za ndoa, watoto na nyumba, na siku ya kila wiki wafike Watamu na Gede. Wasaidizi wa sheria, ambao Sheria ya 2016 inawatambua, waidhinishwe na walipwe. Makarani wa mahakama wamweleze kila maskini kwamba Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, katika Agizo la 33, zinamruhusu kuomba kufungua kesi bila ada. Bunge lifungue milango ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili, na liwalazimishe wakopeshaji kutoa hati za rehani na ilani kwa lugha hiyo. Na Waziri wa Fedha atakaposoma bajeti mwezi Juni, wabunge wa Kilifi wamuulize, kwa jina na kwa shilingi, Mfuko wa Msaada wa Kisheria umetengewa kiasi gani.